Mguu wa Muleba haumo kwenye kipimo cha h

Fungua Google Scholar, andika jina la bingwa yeyote wa upasuaji wa mifupa mwenye ukurasa wake, kisha tazama upande wa kulia. Utakuta kijisanduku chenye namba tatu: jumla ya mara alizonukuliwa, kipimo cha h, na kipimo cha i10. Wengi wetu tunaishia hapo. Tukiona 4 tunasema "huyu bado", tukiona 40 tunasema "huyu mzito". Kamati za kupandisha watu vyeo vyuoni nazo huzipenda namba hizi, maana kusoma makala thelathini za mtu ni kazi ya wiki nzima na kusoma namba moja ni kazi ya sekunde.

Leo tufanye ile kazi ndefu, walau kwa makala moja. Tuchukue msomi wa mifupa wa hapahapa Tanzania, tumsome kama wahakiki, halafu tuulize namba yake inamwambia nini mtu aliyelala Muleba na mguu umevunjika.

Kwanza kipimo chenyewe, kwa kifupi. Kilipendekezwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch. Tuseme daktari ameandika makala 30. Ukizipanga kuanzia iliyonukuliwa sana hadi isiyonukuliwa kabisa, ukakuta makala 9 zimenukuliwa mara 9 au zaidi kila moja, lakini huwezi kusema hivyo kwa 10, basi h yake ni 9. Ni hivyo tu. Hakuna siri. Ona kilichoachwa nje: kama makala ina waandishi kumi na watano, kila mmoja anaihesabu nzima kama yake. Na ukibadilisha hifadhidata, yaani ukitoka Google Scholar ukaingia Scopus, namba inabadilika, kwa sababu si kila jarida la Afrika limo kule. Mtu yuleyule, kazi ileile, namba mbili.

Haya, msomi wetu. Dkt. Billy Haonga ni daktari bingwa wa upasuaji wa mifupa katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, Dar es Salaam. Ameandika makala kadhaa, nyingi akishirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco. Ninayotaka tuisome ilitoka mwaka 2020 katika jarida la Kimarekani la upasuaji wa mifupa na viungo, ambalo kwa watu wa fani hiyo ni kama kucheza fainali uwanja wa Mkapa. Jina la kwanza kwenye orodha ya waandishi ni lake. Hilo si dogo. Tumezoea makala ambamo wagonjwa ni wa Tanzania, damu ni ya Tanzania, na Mtanzania yuko katikati ya orodha, pale jicho halifiki.

Swali la makala ni hili: mtu akivunjika mfupa wa muundi na mfupa ukatoboa ngozi, umwekee chuma ndani ya mfupa au umfunge vyuma vya nje?

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu muundi ni mfupa wenye tabia yake. Pitisha kidole mbele ya mguu wako, chini ya goti. Unaugusa mfupa moja kwa moja, hakuna nyama katikati, ni ngozi tu. Ndiyo maana ukijigonga kwenye stuli usiku unaona nyota. Na ndiyo maana bodaboda ikianguka, muundi hutokeza nje kirahisi kuliko mifupa mingi. Nyama ndiyo inayoleta damu, damu ndiyo inayoleta uponyaji na askari wa kupambana na vijidudu. Mfupa usio na nyama mbele yake, uliochafuliwa na udongo wa barabarani, una sababu zote za kuoza na kukataa kuunga.

Vyuma vya nje ni vile ambavyo mtaani wengi huita antena: pini zinapita kwenye ngozi hadi mfupani, zinashikwa na fimbo iliyo nje ya mguu. Daktari anakiacha kidonda wazi mbele ya macho yake na hajaingiza kitu kirefu kwenye uboho. Ubaya wake, mgonjwa anaishi na fimbo hiyo kwa miezi, pini hutoa usaha, na mfupa unaweza kuunga ukiwa umepinda. Chuma cha ndani ni nondo inayopita katikati ya mfupa, ikafungwa skrubu juu na chini. Mguu unanyooka vizuri, mgonjwa anavaa suruali yake. Hofu ni kwamba kama uchafu upo, umeusukuma mpaka ndani.

Katika hospitali tajiri chuma cha ndani huwekwa kwa msaada wa mashine ya eksirei inayoonyesha picha papo hapo chumba cha upasuaji. Hospitali nyingi za kwetu hazina. Chuma kilichobadilisha hali hiyo kinatoka shirika la SIGN, lililoanzishwa mwaka 1999 na daktari Lewis Zirkle huko Richland, jimbo la Washington, Marekani. Kimetengenezwa ili tundu la skrubu lipatikane kwa mkono wa chuma ulioshikizwa nje, bila picha. Katika jaribio la Dar, hata kazi ya kupanua uwazi wa ndani ya mfupa ilifanywa kwa mkono, siyo kwa drili ya umeme. Kwa hiyo makala hii haikuuliza swali la wengine. Iliuliza swali la vyumba vya upasuaji kama vyetu.

Waliandikishwa wagonjwa 240, wakagawanywa kwa bahati nasibu. Baada ya mwaka mzima, 221 walikuwa bado wanapatikana: 111 wa chuma cha ndani, 110 wa vyuma vya nje. Hiyo ni asilimia 92. Kama umewahi kufuatilia hata watu ishirini kwa simu jijini Dar, ambako watu hubadilisha laini kama soksi, utavua kofia. Kwangu mimi hiyo ndiyo namba bora kuliko zote katika makala hii, na hakuna kijisanduku chochote kinachoionyesha.

Kilichopimwa hasa ni kifo au kurudi chumba cha upasuaji kwa sababu ya usaha wa ndani, mfupa kukataa kuunga, au mfupa kupinda. Kwa chuma cha ndani ilitokea kwa asilimia 18.0, kwa vyuma vya nje, asilimia 21.8. Ukitazama haraka utasema chuma cha ndani kimeshinda. Waandishi hawakusema hivyo, na hapo nawapa heshima. Hatari ya upande mmoja ukiigawa kwa ya upande wa pili unapata 0.83, lakini kiwango cha uhakika kinaanzia 0.49 na kuishia 1.41. Kwa Kiswahili cha kawaida: data hizi zinakubaliana na dunia ambamo chuma cha ndani kinapunguza balaa kwa karibu nusu, na zinakubaliana pia na dunia ambamo kinaliongeza kwa asilimia 41. Kilichojitokeza wazi ni kwamba chuma cha ndani kiliunyoosha mguu vizuri zaidi, na kwamba wiki ya sita wagonjwa wake walijisikia nafuu zaidi. Kufika mwaka mmoja, tofauti ya kujisikia ilikuwa imeyeyuka.

Sasa uhakiki. Udhaifu wa kwanza umeshauona: wagonjwa 240 ni wengi kwa kuwatafuta mtaani, ni wachache kwa kulijibu swali hili. "Hatukuona tofauti" si sawa na "hakuna tofauti", na atakayeinukuu makala hii akisema imethibitisha kwamba njia zote mbili ni sawa, ameinukuu vibaya. Lakini nukuu hiyo mbaya itahesabiwa sawa na nzuri! Kipimo cha h hakijui kusoma. Udhaifu wa pili ndio unaonileta Kagera: jaribio lilifanyika hospitali moja, kubwa, ndani ya jiji kubwa kuliko yote nchini.

Twende basi Muleba. Wilaya ina hospitali za makanisa zenye historia ndefu, Rubya ya Wakatoliki na Ndolage ya Walutheri kule Kamachumu. Bukoba mjini ipo hospitali ya rufaa ya mkoa. Likija jambo la mifupa linalozidi uwezo, safari ni ya Bugando, Mwanza, kwa barabara ndefu ya kuzunguka ziwa, au usiku mzima melini. Na Muleba si nchi kavu tu. Bumbire na Goziba ni Muleba pia. Mvuvi aliyevunjika muundi kisiwani anasubiri mtumbwi, kisha gari, na mara nyingi kabla ya vyote hivyo amepita kwa mzee wa kuunga mifupa, akafungwa vijiti na majani. Akifika hospitali ni siku ya pili, siku ya tatu. Kidonda alichonacho si kile kilichoandikwa kwenye vitabu. Swali la daktari aliye mbele yake ni jingine kabisa: baada ya siku tatu, bado nithubutu kuweka chuma ndani? Jaribio la Dar lilishindanisha vyuma viwili. Halikushindanisha leo na keshokutwa.

Simlaumu Dkt. Haonga kwa hilo, jaribio moja hujibu swali moja. Nauliza ni nani atakayeandika la pili, na atalipwa kwa sarafu gani. Daktari kijana wa Bukoba akikaa miaka miwili kuhesabu vidonda vya siku ya tatu, makala yake itasomwa na nani? Na watu wachache wanaofanya kazi katika mazingira hayo, na wengi wao hawaandiki makala. Wanaosoma na kutumia bila kuandika hawanukuu. Kijisanduku kitabaki kwenye 3.

Usidhani lakini kwamba Kagera hainukuliwi. Hapana, Kagera ni maarufu sana kwenye majarida, na mojawapo ya makala zake mashuhuri ni ya kicheko. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya misheni pale Kashasha, wilaya ya Bukoba ya wakati ule, wanafunzi walianza kucheka na kulia bila kuweza kujizuia. Kati ya wanafunzi 159, waliopatwa walifika 95, na shule ikafungwa tarehe 18 Machi. Wasichana wakarudi kwao, na huko Nshamba, ambayo leo ni Muleba, wakapatwa watu 217. A. M. Rankin na P. J. Philip waliandika habari hiyo mwaka 1963 katika jarida la tiba la Afrika ya Kati.

Makala hiyo imesafiri kuliko madaktari wake. Iko kwenye vitabu vya saikolojia, kwenye redio, kwenye mijadala ya namna tabia zinavyoambukizana. Na katika kusafiri imenona: wengi husimulia kwamba watu walicheka mfululizo mwaka mzima. Rankin na Philip hawakuandika hivyo. Waliandika kwamba shambulio lilidumu dakika chache hadi saa chache, likaondoka, likarudi. Ikabidi mtafiti Christian Hempelmann aandike makala nzima mwaka 2007 kuwakumbusha watu kwamba hakikuwa kicheko cha furaha, ilikuwa dhiki ya watoto. Ukijiuliza kunukuliwa sana ni dalili ya kusomwa sana, mfano wa Kashasha uko mlangoni kwako. (Na kila aliyeinukuu ili kuisahihisha naye amekiongezea kijisanduku chake moja.)

Mwaka huohuo, 1963, kwenye jarida lilelile la Kimarekani ambalo Haonga angelifikia baadaye, Ignacio Ponseti, Mhispania aliyekuwa akifanya kazi Iowa, alichapisha na mwenzake Smoley matokeo ya kutibu watoto waliozaliwa na mguu kifundo, yaani wayo umegeukia ndani na chini. Njia yake: kuunyoosha mguu taratibu kwa mikono, kufunga P.O.P., ile ambayo mtaani huitwa hogo, kuibadilisha kila wiki, kisha kukata kidogo mshipa wa kisigino, kisha viatu vyenye fimbo katikati kwa miaka. Wenzake hawakushtuka. Miongo mitatu dunia iliendelea kuwapasua watoto hao upasuaji mkubwa, na wengi walikua na miguu migumu yenye maumivu. Mwaka 1995 ndipo Cooper na Dietz walipowatafuta wagonjwa wa Ponseti, sasa watu wazima, wakakuta 35 kati ya 45 wana miguu mizuri au mizuri sana. Baada ya hapo wazazi wa Marekani wakaanza kusimuliana kwenye intaneti, wakawa wanawakatalia madaktari upasuaji. Tuseme ungeikaa kamati ya cheo mwaka 1980 ukiwa na ile makala ya 1963 mezani. Ungeipa alama ngapi?

Kutoka Iowa njia hiyo imefika karibu na Bukoba kuliko unavyofikiri. Vuka Mutukula, uko Uganda. Huko Shafique Pirani, mzaliwa wa Uganda aliyefanya kazi Kanada, pamoja na Edward Naddumba wa Kampala na wengine, walijenga mpango wa taifa wa kutibu mguu kifundo kwa njia ya Ponseti, wakiwafundisha maofisa wa mifupa wasio madaktari wa upasuaji. Mabingwa walikuwa wachache mno kuwasubiri. Pirani ndiye mwenye alama zinazoitwa kwa jina lake: dalili sita za mguu, kila moja unaipa 0, nusu, au 1, jumla isizidi 6. Hakuna mashine, ni macho na vidole. Mtoto alikuja na 5.5, wiki hii ana 3, tunaendelea. Alama hizo zinajazwa kwenye kadi za kliniki duniani kote, maelfu kwa maelfu. Lakini kadi ya kliniki haina orodha ya marejeo mwishoni. Mhudumu anayeandika "Pirani 3" kwa kalamu ya bluu amemtumia msomi huyo kikamilifu kuliko profesa yeyote aliyemtaja kwenye aya ya utangulizi, na kwenye hesabu ni sifuri.

Nisieleweke kwamba kunukuliwa ni upuuzi. Muleba hiyohiyo ina mfano wa kinyume. Mwaka 2018 jarida la Lancet lilichapisha jaribio la vyandarua lililofanyika Muleba, likiongozwa na Natacha Protopopoff pamoja na watafiti wa Tanzania na Uingereza. Vyandarua vyenye kiungo kinachovunja usugu wa mbu dhidi ya dawa vilipunguza malaria kwa watoto kuliko vya kawaida, na Shirika la Afya Duniani likayatumia matokeo hayo kutoa pendekezo hata kabla makala haijatoka. Makala hiyo inanukuliwa sana, na chandarua kiko kitandani. Pale mambo mawili yamekwenda pamoja. Yamekwenda pamoja kwa sababu kulikuwa na chombo kati ya makala na kitanda: shirika lenye uwezo wa kubadili kile serikali inachonunua. Upasuaji wa mifupa hauna chombo kama hicho chenye nguvu hiyo. Uamuzi unafanywa na daktari mmoja, usiku, mbele ya mguu mmoja.

Ndiyo maana, nikirudi kwa Haonga, ningependa tumpime kwa vitu ambavyo tayari vimeandikwa mahali fulani, ila hakuna anayevijumlisha. SIGN kwa mfano: daktari anayetumia chuma chao hutuma picha za eksirei na taarifa za mgonjwa kwenye hifadhidata yao, naye hupelekewa chuma kingine badala ya kile. Kila mguu una rekodi. Humo unaweza kuona nani alifuatilia wagonjwa wake na nani aliwaweka chuma akawasahau. Kuna tasnifu za madaktari wanaosomea ubingwa, ambazo msomi alizisimamia na ambazo hulala kwenye hazina za vyuo bila kunukuliwa. Ukitaka kujua kama bingwa wa Dar amefika Kagera, tafuta aliowafundisha wako wapi sasa. Inachukua muda kuliko kubofya, lakini inawezekana.

Na wewe msomaji unayesomea udaktari, au takwimu, au afya ya jamii, na unatafuta mada ya utafiti: swali la siku ya tatu liko wazi. Huhitaji kuanza na jaribio la bahati nasibu. Anza na daftari la wodi: saa ya kuvunjika, saa ya kufika, alipitia wapi katikati, kidonda kilikuwaje, kilifanywa nini, na mwaka mmoja baadaye anatembea au hatembei. Ukiweza kumpata tena mvuvi wa Goziba baada ya mwezi wa kumi na mbili, kama wale wa MOI walivyowapata watu wao 221, utakuwa na kitu ambacho daktari wa zamu Ndolage anakihitaji usiku wa leo.